Kura Zilipungua, Viti Vikaongezeka: Nini Huamua Uchaguzi Mkuu wa Uingereza

Mwaka 2017 chama cha Labour kilipata kura karibu milioni 12.9 katika uchaguzi mkuu wa Uingereza, kikashindwa. Mwaka 2019 kikapata milioni 10.3 na kubaki na wabunge 202 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu 1935. Mwaka 2024 kikapata milioni 9.7, chache kuliko kura za mara zote mbili, na Keir Starmer akaingia madarakani akiwa na wabunge 411 kati ya 650. Jeremy Corbyn, aliyekiongoza chama hicho katika chaguzi mbili za kwanza, alipigiwa kura na watu wengi zaidi na hakuwahi kuwa Waziri Mkuu. Anayetaka kufahamu kinachoamua uchaguzi wa nchi ile aanze na hesabu hii, maana inabomoa dhana iliyozoeleka kwamba anayependwa na wengi zaidi ndiye anayeshinda.

Kwa maoni yangu, matokeo huamuliwa pale mambo mawili yanapokutana. La kwanza ni chama tawala kupoteza sifa ya kuiweza kazi. La pili ni mahali kura zinapoangukia: nani amejazana wapi, nani ametawanyika, na upande upi umegawana kura zake wenyewe. Midahalo ya televisheni, mabango, vichwa vya habari na haiba ya kiongozi vina nguvu yake, lakini hufika wakati mambo hayo mawili yamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kanuni yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kila jimbo lina mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama walio wengi jimboni hawakumtaka. Tanzania, Kenya na Uganda huchagua wabunge wa majimbo kwa njia hiyohiyo, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Tofauti ni kwamba kwetu macho yote huwa kwenye kura ya rais, na kura ya rais huhesabiwa nchi nzima. Uingereza hakuna kura ya namna hiyo. Mpiga kura hupewa karatasi moja yenye majina ya wagombea wa jimbo lake, basi. Waliompigia Starmer mwenyewe ni wakazi wa Holborn and St Pancras, jimbo la katikati ya London. Serikali hutokana na chaguzi ndogo 650 zinazofanyika siku moja, na kura ya ziada inayopatikana katika jimbo ambalo chama kimekwisha kulishinda haina kazi tena. Haivuki mpaka kwenda kumsaidia mgombea wa jirani.

Hapo ndipo jiografia inapopata nguvu inayoizidi idadi. Mwaka 2024 Reform UK, chama cha Nigel Farage, kilipata zaidi ya kura milioni 4.1 na viti 5. Liberal Democrats walipata milioni 3.5 na viti 72. Kwa maneno mengine, kila mbunge wa Labour aligharimu kura kama 24,000, wa Liberal Democrats kama 49,000, na wa Reform zaidi ya 820,000. Mwaka 2015 UKIP, chama ambacho Farage alikiongoza wakati huo, kilipata kura karibu milioni 3.9 nchi nzima na mbunge mmoja, ilhali chama cha SNP cha Scotland kilipata kura chini ya milioni 1.5, zote ndani ya Scotland, na kuzoa viti 56 kati ya 59 vya huko. Mwaka 1983 muungano wa chama cha Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura, nyuma kidogo tu ya Labour yenye 27.6. Labour wakapata viti 209, muungano ule ukapata 23. Imewahi kutokea hata chama kilichoongoza kwa kura kikanyimwa serikali: Labour mwaka 1951, na Conservative Februari 1974.

Liberal Democrats ndio walioisoma kanuni hii vizuri kuliko wote, baada ya kuumizwa nayo kwa miongo mingi. Mwaka 2019 walipata asilimia 11.6 ya kura na viti 11. Mwaka 2024 walipata asilimia 12.2. Ongezeko hilo ni dogo mno, lakini viti viliruka hadi 72. Waliacha kuhangaika kila mahali. Walichagua majimbo ya kusini mwa England, katika maeneo kama Surrey, Oxfordshire na Somerset, ambako wao ndio walioshika nafasi ya pili nyuma ya Conservative, wakamimina huko watu wao wa kugonga milango, vipeperushi na muda wa kiongozi wao, Ed Davey. Wapenzi wa Labour katika majimbo hayo walijua kwamba mgombea wao hana nafasi, hivyo wakampigia Mliberali ili kumwondoa Mhafidhina. Katika mamia ya majimbo mengine Waliberali nao walifanya hivyohivyo kwa faida ya Labour. Hakuna mkataba uliotiwa saini. Wapiga kura walipatana wenyewe, kila mmoja akiwa peke yake kwenye kijumba cha kupigia kura, kwa kuangalia nani alikuwa wa pili mara iliyopita.

Kugawanyika ndio upande wa pili wa habari hii. Mwaka 2019 Farage, akiongoza Brexit Party, hakusimamisha wagombea katika majimbo 317 yaliyokuwa mikononi mwa Conservative. Kiongozi wa Conservative, Boris Johnson, alishinda kwa wingi wa viti 80. Mwaka 2024 hakukuwa na msamaha wa aina hiyo. Tarehe 3 Juni, kampeni zikiwa zimekwisha kuanza, Farage alitangaza kuchukua uongozi wa Reform na kugombea Clacton, na chama chake kikasimama karibu kila jimbo la Great Britain. Matokeo yake yaonekane katika jimbo moja: South West Norfolk, la Liz Truss, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2019 alishinda hapo kwa tofauti ya kura zaidi ya 26,000. Mwaka 2024 alishindwa na mgombea wa Labour kwa kura 630. Reform walichukua karibu kura 10,000, na mgombea binafsi aliyekuwa Mhafidhina akachukua zaidi ya 6,000. Labour walilipata jimbo kwa kura 27 hivi katika kila 100. Sisemi kwamba kila aliyeipigia Reform angeipigia Conservative. Wengine wangebaki nyumbani, na wengine walikuwa na hasira na Truss binafsi. Lakini ngome ile ya vijijini haikuangushwa na umati ulioikimbilia Labour.

Nimetangulia kueleza ramani kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Hata hivyo ramani peke yake haimwondoi mtu madarakani. Inahitaji hasira ya kuigeuza kuwa viti, na hasira ya Waingereza ina namna yake ya kuzaliwa.

Wachambuzi wengi husema ni uchumi: mambo yakiwa mazuri serikali hubaki, yakiwa mabaya huondoka. Historia inakataa urahisi huo. Aprili 1992 uchumi ulikuwa umedorora, na Waziri Mkuu wa Conservative, John Major, akashinda kwa kura zaidi ya milioni 14, nyingi kuliko zilizowahi kupatikana na chama chochote nchini humo. Mei 1997 uchumi ulikuwa unakua na ukosefu wa ajira unashuka, na Major huyohuyo akaangushwa na Tony Blair wa Labour kwa wingi wa viti 179. Lililokaa kati ya chaguzi hizo ni tarehe 16 Septemba 1992. Siku hiyo serikali ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, ikatangaza kwamba itafika 15, na bado ilipofika jioni pauni ikalazimika kutoka katika mfumo wa Ulaya wa kuoanisha thamani za sarafu. Sera iliyotajwa kuwa msingi wa uongozi wa Major ilivunjika mchana kweupe. Kwa muda mrefu Conservative ndio walioaminika kuwa mabingwa wa kushika fedha, na sifa hiyo ikawatoka ndani ya siku moja. Uchumi uliponyanyuka baadaye, wapiga kura hawakuwapa shukrani.

Mwaka 2022 ulirudia somo hilo kwa ukali zaidi. Tarehe 23 Septemba serikali ya Truss ilitangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kueleza pengo litazibwaje. Pauni ilianguka, mikopo ya serikali ikapanda gharama, na Benki Kuu ikalazimika kuingilia kati ili kuokoa mifuko ya pensheni. Truss aliondoka baada ya siku 49. Kilichofuata kinahitaji kuelezwa kwa undani kidogo, kwa sababu hapo ndipo siasa za Westminster zilipoingia sebuleni mwa watu. Mwingereza anayenunua nyumba kwa mkopo kwa kawaida hufungiwa riba kwa miaka miwili au mitano. Muda ukiisha hulazimika kuchukua mkataba mpya kwa riba ya siku hiyo. Kwa hiyo maumivu ya riba kupanda hayakuwafika wote kwa pamoja. Yalikwenda kwa zamu: familia hii Januari, ile Agosti, nyingine mwaka wa pili, kila moja ikifungua barua ya benki na kukuta malipo ya mwezi yameongezeka kwa mamia ya pauni. Sababu za riba hizo zilikuwa nyingi, zikiwemo vita vya Ukraine na mfumuko wa bei duniani, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa la Truss. Kila mkataba ulioisha uliiamsha hasira upya, hadi siku ya kupiga kura.

Rishi Sunak aliyempokea alikuwa mtu makini wa hesabu. Mfumuko wa bei uliofikia asilimia 11.1 Oktoba 2022 ulishuka hadi asilimia 2 Mei 2024, na alitarajia kutambuliwa kwa hilo. Hakutambuliwa, na sababu yake ni nyepesi: mfumuko ukishuka bei hazirudi zilikokuwa, zinaacha tu kukimbia. Mama aliyekwenda dukani Juni 2024 aliona bei ya maziwa na siagi, hakuona takwimu ya ofisi ya serikali. Tena kulikuwa na kidonda cha awali. Wakati wa korona, watu walipokatazwa kuwaaga wagonjwa wao hospitalini, ofisi ya Waziri Mkuu ilifanya sherehe, na Aprili 2022 polisi waliwatoza faini Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, na Sunak. Kuna makosa ya sera ambayo mpiga kura huyasamehe. Kuwekewa sheria na mtu asiyeifuata ni jambo jingine kabisa, na naona Waingereza walikuwa na haki kamili ya kulikataa.

Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilizidisha uzito. Waingereza wanaihesabu kuwa mali yao kuliko taasisi nyingine yoyote ya serikali, na hadi wakati wa uchaguzi orodha ya matibabu yaliyokuwa yakisubiriwa England ilikuwa imepita milioni 7.5. Orodha ya namna hiyo haihitaji mpiga kampeni. Kila anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa nyonga ana mke, watoto na majirani wanaojua amesubiri tangu lini.

Kisha suala la uhamiaji, ambalo liliigusa Kigali moja kwa moja. Kura ya maoni ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya ilishinda kwa asilimia 52 kwa 48, na kwa wengi walioiunga mkono ahadi kubwa ilikuwa kudhibiti mipaka. Baada ya kujitoa, idadi ya wanaoingia ukitoa wanaotoka ilipanda badala ya kushuka, ikapita 700,000 kwa mwaka. Wakati huohuo vyombo vidogo viliendelea kuvuka kutoka Ufaransa. Serikali ya Johnson ilitangaza Aprili 2022 mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, Mahakama ya Juu ikautangaza kuwa haramu Novemba 2023, Bunge likapitisha sheria ya kuuokoa Aprili 2024, na Starmer akaufuta mara tu alipoingia. Hadi hapo waliokwenda Rwanda walikuwa watu wanne, wote kwa hiari. Kisiasa mpango ule uliiumiza Conservative pande zote mbili: walioona ni ukatili walikimbilia Liberal Democrats na Labour, walioona ni mzaha usio na vitendo walikimbilia Reform. Wanyarwanda na wakimbizi wa Kiafrika walitumiwa kama hoja ya kampeni kwa zaidi ya miaka miwili, na hilo linastahili kulaaniwa hata kama halikuleta kura.

Zamani swali la nani anampigia nani lilijibiwa kwa kuangalia kazi ya mtu. Mchimba makaa wa Durham, fundi wa meli wa Clyde na mfanyakazi wa kiwanda cha Lancashire walikuwa Labour, mwenye duka na karani wa benki walikuwa Conservative. Migodi ilifungwa, mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985 ukashindwa, vyama vya wafanyakazi vikapungua, na utiifu ule ukawa unasinyaa kizazi baada ya kizazi. Kujitoa Umoja wa Ulaya, yaani Brexit, ndiko kulikoukata. Desemba 2019 Blyth Valley, jimbo la kaskazini mashariki lililokuwa la wachimbaji, lilichagua Mhafidhina kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe 1950. Bolsover, ambako Dennis Skinner alikuwa mbunge kwa miaka 49, likaanguka. Sedgefield, lililokuwa jimbo la Tony Blair, likaanguka pia.

Kinachotenganisha wapiga kura sasa ni umri, na pamoja na umri, umiliki wa nyumba. Kwa makadirio ya kampuni ya utafiti ya YouGov, mwaka 2019 mtu alianza kuelekea kuipigia Conservative zaidi ya Labour akiwa na miaka 39 hivi; mwaka 2024 umri huo ulipanda hadi 63. Vijana wanaolipa kodi ya pango inayomeza mshahara hawana cha kuhifadhi, basi chama cha kuhifadhi hakiwaambii kitu. Wazee nao hujitokeza kupiga kura kwa wingi kuliko vijana, na sera hufuata walio kwenye foleni. Tangu serikali ya David Cameron, pensheni ya taifa huongezwa kila mwaka kwa kiwango kilicho kikubwa zaidi kati ya vitatu: mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Wataalamu wa fedha wameonya mara nyingi kuhusu gharama yake. Vyama vikubwa kwa kawaida vimeogopa kwenda kwenye uchaguzi vikiahidi kuigusa kanuni hiyo.

Scotland ina mchezo wake. Kura ya maoni ya uhuru ya 2014 ilishindwa kwa asilimia 55 kwa 45, lakini wale 45 walihamia SNP kwa pamoja, na kwa kuwa waliotaka kubaki waligawanyika kati ya vyama vitatu, SNP ilitawala ramani kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2019 Labour walibaki na kiti kimoja tu huko. Kiongozi wa SNP, Nicola Sturgeon, alipojiuzulu mwaka 2023 na mrithi wake Humza Yousaf akaondoka mwaka uliofuata, SNP ilishuka hadi viti 9 na Labour ikapanda hadi 37. Hakuna chama cha Uingereza kinachoweza kupanga hesabu ya Downing Street bila kuihesabu Scotland peke yake. Ireland ya Kaskazini ina viti 18 na vyama vyake yenyewe. Sinn Féin, waliopata viti 7 mwaka 2024, hawaendi kabisa kukaa Bungeni Westminster.

Kuna kundi jingine ambalo Waswahili wengi hawajui kwamba wanaweza kuwa ndani yake. Sheria ya Uingereza inampa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali, mwenye umri wa miaka 18, haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko kwa viza ya masomo anaweza kupiga kura. Muuguzi wa Kikenya pia, na Mganda, na Mnyarwanda tangu nchi yake ilipojiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2009. Mfaransa na Mjerumani hawawezi, hata wakiwa wameishi London miaka ishirini. Mkongo na Mrundi hulazimika kusubiri uraia. Ninalitaja kwa mkazo kwa sababu wengi wetu huko hulipa kodi, hutumia hospitali na shule, na huacha kura hiyo ipotee kwa kutojua.

Athari za Afrika Mashariki zinaonekana hata juu kabisa. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Leicester, mji uliowapokea Wahindi wengi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ulitoa matokeo mawili ya ajabu mwaka 2024. Leicester East lilikuwa jimbo pekee ambalo Conservative walilinyakua kutoka kwa chama kingine usiku ule wa kipigo, baada ya wabunge wawili wa zamani wa Labour wa jimbo hilohilo, Keith Vaz na Claudia Webbe, kugombea nje ya chama na kuzigawa kura. Huko Leicester South, Jonathan Ashworth wa Labour, aliyetarajiwa kuingia Baraza la Mawaziri, aliangushwa na mgombea binafsi Shockat Adam kwa sababu ya msimamo wa Labour kuhusu Gaza. Blackburn, Birmingham Perry Barr na Dewsbury and Batley yalikwenda njia hiyo, na huko Ilford North, Wes Streeting, Waziri wa Afya aliyefuata, alinusurika kwa kura 528. Labour waliamini Waislamu hawana pa kwenda. Walikuwa na pa kwenda.

Kampeni zenyewe hudumu wiki sita hivi, na kwa kawaida hazigeuzi mengi. Mwaka 2010 Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, alingʼara katika mdahalo wa kwanza wa televisheni, tafiti zikapaa, na chama chake kikatoka na viti pungufu. Mwaka 1992 gazeti la The Sun lilijitangaza kuwa ndilo lililoleta ushindi wa Major. Mwaka 1997 liliiunga mkono Labour, na mwaka 2024 likafanya hivyo tena ikiwa imebaki siku moja, wakati kila mtu alijua mshindi ni nani. Ninaona gazeti hilo mara nyingi humfuata msomaji wake. Kitendo cha Sunak kuondoka mapema Normandy tarehe 6 Juni 2024, katika kumbukumbu ya miaka 80 ya askari kutua pwani ya Ufaransa, kiliwaudhi hata wafuasi wake, ila mashua ilikuwa imekwisha kutoboka. Fedha pia zina mipaka: matangazo ya kisiasa ya kulipia hayaruhusiwi kwenye redio wala televisheni, na matumizi ya vyama na wagombea yamewekewa kikomo kisheria.

Uchaguzi wa 2017 ndio unaonizuia kusema kampeni hazina maana kabisa. Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo wa Conservative, aliuitisha akiongoza kwa asilimia 20 hivi katika tafiti. Katikati ya safari akatoa pendekezo la kuwafanya wazee wanaohitaji uangalizi walipie kutokana na thamani ya nyumba zao, akalibadili siku chache baadaye huku akisisitiza hakuna kilichobadilika. Pendekezo hilo liliwagonga wapiga kura wake wa uhakika mahali wanapothamini zaidi, na kuyumba kwake kukavunja sifa pekee aliyokuwa akiinadi, ya uthabiti. Alipoteza wingi wake Bungeni ingawa chama kilipata asilimia 42.3 ya kura, zaidi kidogo ya nane juu ya zile zilizompa Starmer ushindi mkubwa miaka saba baadaye. Kampeni huuma pale inapogusa sifa ya kuiweza kazi.

Linalonisumbua kuliko yote ni idadi ya waliokaa nyumbani. Mwaka 2024 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60 ya waliojiandikisha, kiwango cha chini kabisa tangu 2001. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura hizo. Hesabu yake inaleta takriban mtu mmoja katika kila watano waliojiandikisha. Tafiti zilizotabiri ushindi wa kishindo kwa miezi mingi ziliwapa wengi sababu ya kutohangaika au ya kukipigia chama cha Green na wagombea binafsi bila hofu, na ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza kwa Great Britain yote kudai kitambulisho chenye picha. Serikali iliyoingia na wabunge 411 kwa msingi mwembamba hivyo inaweza kupitisha karibu sheria yoyote, lakini haina akiba ya uvumilivu ya kutumia inapokosea.

Ilionekana mapema. Mei 2025 Reform walizoa zaidi ya viti 670 vya madiwani na kuongoza halmashauri 10, na siku hiyohiyo wakainyangʼanya Labour jimbo la Runcorn and Helsby, katika uchaguzi mdogo, kwa kura 6. Bunge la sasa linapaswa kuvunjwa kabla ya katikati ya Julai 2029, na serikali imetangaza nia ya kuwapa kura vijana wa miaka 16. Iwapo kura za mrengo wa kushoto zitagawanyika kati ya Labour, Green, Liberal Democrats na wagombea binafsi kama za kulia zilivyogawanyika 2024, chama chenye takriban theluthi moja ya kura kitaweza tena kushika nchi yote, safari hii kutoka upande wa pili.

Naamini kanuni hii inapaswa kubadilishwa, na viti vigawiwe kwa uwiano wa kura. Waingereza waliulizwa mwaka 2011 kuhusu badiliko dogo, la kuwapanga wagombea kwa mpangilio wa upendeleo, na asilimia 68 walikataa. Mkutano mkuu wa Labour wa 2022 ulipiga kura kuunga mkono uwiano, uongozi wa chama ukauweka kando. Reform walishika nafasi ya pili katika majimbo 98 mwaka 2024, na 89 kati ya hayo yalichukuliwa na Labour. Wabunge wa Labour wa majimbo hayo watarudi kwenye uchaguzi kwa kanuni ileile ambayo viongozi wao hawakutaka kuigusa.